Nina bango mjini Wote na jingine Mwingi kama mwanamke wa gofu, lakini hakuna picha hata moja inayonionyesha nikipiga mpira

Wakuu, salamu kutoka mjini Wote, Makueni. Poleni na majukumu.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaani. Leo naandika, na ninayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe. Jina la kampuni na la klabu nimeyaweka kando kwa kuwa mkataba wangu bado uko hai. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Nilisomea uchumi chuo kikuu, nikaajiriwa, nikaacha. Kazi yangu sasa ni gofu ya kulipwa. Nafundisha katika klabu ndogo huku Makueni, si mbali na barabara kuu ya Mombasa, na mashindano yakitangazwa nafunga mfuko wangu naenda kushindana.

Msifikirie nyasi za kijani mnazoziona kwenye runinga. Huku kwetu maji ni ya watu na mbuzi. Pale penye shimo, mahali ambapo wengine wana nyasi laini, sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Mpira ukitua hapo unakimbia kama kitu kilichotoroka.

Nacheza kwa mkono wa kushoto. Naomba mlielewe hili mapema. Fimbo za mkono wa kushoto zina uso uliogeukia upande mwingine, na mtu wa kushoto hawezi kuazima za jirani.

Wanawake tunaoifanya kazi hii nchini ni wachache, na zawadi zetu haziwezi kumfikisha mtu kwenye shindano linalofuata. Bila mdhamini unabaki kufundisha. Kwa hiyo kampuni moja ya losheni iliponitafuta, nilishukuru Mungu. Nilidhani mtu ameona ninavyocheza.

Picha zilipigwa Nairobi, ndani ya chumba chenye kitambaa cheupe ukutani. Nilipakwa mekapu, nikavishwa sketi ambayo singeweza kuinama nayo kuokota mpira, kisha nikapewa fimbo.

Ilikuwa ya mkono wa kulia.

Nikamwambia mpiga picha, "Hii si yangu. Mimi ni wa kushoto."

Akanijibu bila kuondoa jicho kwenye kamera, "Madam, shika tu. Weka begani. Hakuna atakayejua."

Nikaishika. Nikaiweka begani. Nikacheka alivyotaka.

Bango likapanda pale Wote, na lingine Mwingi. Kwa wiki nzima sikuweza kwenda sokoni bila kusimamishwa. "Wewe si ndio mama wa losheni?" Hakuna aliyeuliza shindano gani, wala nilimaliza nafasi ya ngapi.

Aliyejua ni Kioko. Kioko ni kedi wetu wa siku nyingi pale klabuni. Amebeba mifuko ya fimbo ya mahakimu, mapadri na wanasiasa, na ulimi wake haujali cheo.

"Pro," akaniambia asubuhi moja, maana ndivyo makedi wanavyotuita sisi wa kulipwa, "yule wa bango ni dada yako?"

"Ni mimi, Kioko."

"Aa, haiwezekani. Yule ni wa kulia. Na vile ameshika hiyo fimbo, anaenda kufukuza nyoka."

Makedi wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ilichekesha.

Lakini maneno yaliyoniumiza yalitoka kwa mama yangu.

Mama anaishi kwetu Kanyangi, Kitui, na bado analima ndengu na mbaazi. Hajawahi kuniona nikicheza. Klabu iko mbali, shamba halina likizo, na tangu nilipoacha ajira yeye na mimi tulikuwa na kitu kati yetu ambacho hatukukitaja. Alinisomesha kwa kuuza mbuzi. Akitaka kujua nafanya kazi gani, namwambia napiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, naye anabadilisha mazungumzo kwa namna ambayo mtoto wa Mkamba yeyote anaielewa.

Akaenda Mwingi kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Akanipigia simu akiwa kule. Ninayoandika hapa ni Kiswahili cha maneno aliyoyasema kwa Kikamba.

"Nimekuona. Uko juu ya duka la vipuri, unacheka. Unacheka nini?"

"Ni tangazo, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama.

"Wanakulipa kusimama hapo?"

"Wananilipa kwa sababu mimi ni mchezaji."

Nikasikia lori likipita.

"Lakini ile mikono si yako," akasema. "Mikono yako naijua."

Wakuu, nikaitazama mikono yangu. Mchezaji wa kushoto huvaa glavu mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wangu wa kulia ni mweupe kidogo kuliko wa kushoto, kama mikono ya watu wawili. Viganja vina sugu. Kwenye bango walivisawazisha vyote. Kazi yangu yote ilikuwa imeandikwa mikononi, nao wakaifuta ili ngozi ing'ae.

Kuanzia siku hiyo nilianza kutamani kitu kimoja tu. Kikombe sikukifikiria sana, wala sifa. Nilitaka mama anione nikipiga mpira. Mara moja tu, ajue kwamba mbuzi wake hawakuishia kwenye kusimama juu ya bango.

Nieleze kidogo utamu wa jambo hili kwa wasiocheza. Asubuhi, kabla wanachama hawajafika, mimi hucheza peke yangu. Kanga wanavuka mbele yangu. Ukiupiga mpira sawasawa, mikono haisikii chochote. Ni sauti tu, kavu, kisha ule mpira unapanda juu ya vichaka na unaonekana kama umesahau kurudi. Kila mara hugeuka nyuma, nikitafuta mtu wa kumuuliza, "Umeona?" Hakuna mtu. Nimegeuka hivyo kwa miaka, na bado nageuka.

Siku moja nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mashindanoni. Mwanahabari wa runinga akaja mbio. Nikajua leo ndiyo leo. Swali la kwanza lilikuwa, "Mume wako anakuruhusu kusafiri hivi?" La pili lilikuwa ninavyotunza ngozi yangu juani. Habari ilipotoka, nilionekana nikinywa maji.

Mkataba ulipofika wakati wa kuongezwa, kampuni ilitaka tangazo la runinga. Nikaomba kukutana na meneja wao wa masoko, binti mstaarabu nitakayemwita Sharon. Nikamwambia nina ombi moja: nionekane nikipiga, kwa fimbo zangu, na mpira uonekane ukienda.

Akasikiliza. Sharon si mtu mbaya, na sitaki mtu amtukane humu.

"Dada, nikuambie ukweli?" akasema. "Kina mama hawanunui mpira. Wananunua ngozi."

"Mbona yule mchezaji mwanaume wa tangazo la benki anaonyeshwa akipiga?"

"Benki inauza kuaminika."

"Na mimi siaminiki?"

Akacheka, akaficha uso kwa mkono. "Umenishinda. Sawa. Tutakuja klabuni kwenu tupige huko huko."

Na kweli walikuja. Gari mbili, kamera, droni, miavuli. Nilichagua shimo letu la saba, ambalo unapiga kutoka ng'ambo ya mto wa mchanga usio na maji. Kioko alibeba mfuko wangu akiwa amevaa shati la kanisani.

Upepo ulikuwa wa mbele. Kioko akaniangalia, nami nikaangalia vumbi, tukakubaliana bila kusema. Nikachukua fimbo ndefu kuliko kawaida, nikashusha pumzi, nikapiga.

Ile sauti kavu.

Mpira ukaenda chini chini, ukapita mto, ukatua mbele ya mchanga wa oili, ukaruka mara moja, ukakimbia, ukakimbia, ukasimama kando ya bendera. Ungeweza kuufikia kwa kunyoosha mguu.

Watu wa kamera walipiga makofi, hata wale ambao hawakujua wanapigia nini. Kioko hakupiga makofi. Alisema tu, "Hiyo sasa."

Nikamuuliza wa kamera, "Umeupata?"

"Wote, madam. Mpaka uliposimama."

Siku ya tangazo kuonyeshwa mara ya kwanza nilikwenda Kanyangi makusudi. Nilimwambia mama asiende popote jioni hiyo. Sebule ilijaa kina mama wa kikundi chake. Mama alikaa mbele na ungo wa ndengu mapajani, akichambua, maana yeye hajui kukaa bure.

Kabla tu ya taarifa ya habari, nikatokea.

Nikainama, nikaweka mpira. Fimbo zangu, mkono wangu wa kushoto. Nikainua fimbo juu, mgongo ukageuka, na pale fimbo ilipoanza kushuka, picha ikabadilika.

Maji. Bega langu likimeremeta. Kiganja kikipaka losheni. Kicheko. Chupa.

Mwisho.

Sebule ikalipuka. "Ai! Angalia ngozi, kama ya mtoto mchanga!" akasema Mama Kasyoka, jirani yetu. "Tuletee katoni, tuwe kama wewe!"

"Wewe hata ukiogea ndani yake utabaki ulivyo," mwingine akamjibu, na vicheko vikaanza upya.

Niliangalia sakafu. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza, kama mtu aliyewaita wageni kwenye karamu na sufuria ni tupu.

Mama hakucheka. Alikuwa ameacha kuchambua. Akaniangalia, kisha akaiangalia runinga, ambako sasa kulikuwa na tangazo la mbolea.

"Mpira ulienda wapi?" akauliza.

Hakuna aliyemsikia ila mimi.

"Mwaitu?"

"Umeinua fimbo. Kulikuwa na mpira hapo chini. Ulienda wapi?"

Wakuu, katika maisha yangu yote ya gofu, hilo ndilo swali la kwanza la kweli nililowahi kuulizwa na mtu asiyecheza.

Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu mto, upepo, na mpira uliokimbia. Akauliza upepo ulitoka upande gani. Akauliza kwa nini sikungoja utulie. Nikasema mchezo haungoji. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi ni kazi."

Wageni walipoondoka akaongeza, "Nitakuja nione mwenyewe. Acha kwanza nivune."

Hayo yalikuwa kabla ya mvua. Mvua ilichelewa, ndengu zikachelewa, na sasa goti lake linamsumbua. Kila tukizungumza kwa simu namuuliza shamba linasemaje, naye ananiambia maua yametoka, au maganda bado ni mabichi. Sijawahi kuyafuatilia mazao kwa hamu namna hii. Nimeshamtafutia kiti na mahali penye kivuli pale shimo la saba.

Sharon nilimpigia. Aliomba radhi, akasema wakubwa walikata sekunde kadhaa. Nilimwamini. Mkataba sikuuvunja, kwa sababu ndio unaonipeleka mashindanoni, na sitajifanya shujaa hapa. Lakini nimejifunza kwamba anayelipia uso wako hana deni la kukujua. Kujulikana tunakutafuta kwa watu wachache, na pengine kwa mmoja tu, na huyo hafikiwi kwa bango.

Kama mna binti, dada au mke anayecheza mchezo wowote, nendeni uwanjani. Msingoje runinga iwaonyeshe. Na mliopo kwenye vyombo vya habari humu, naomba mwiache kamera kidogo tu baada ya fimbo kushuka.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Nani amewahi kumwona mama yake, au mwanawe, akiwa katikati ya kazi yake hasa? Uliona nini ambacho hukukijua? Andikeni hapa chini, hata kama ni mstari mmoja.

Mimi nitakuwa nasoma. Kanyangi wanasema maganda yameanza kukauka.