Mama Dominika na Magunia Yasiyolia

Selestina, ambaye sote tunamwita Mama Dominika, hupima ubora wa korosho katika ghala la chama chetu, upande wa Mnyambe. Katika kila gunia anachota kiganja kimoja na kukitikisa karibu na sikio. Korosho kavu zinalia. Zenye unyevu zinanyamaza. Kisha anabonyeza moja kwa ukucha; alama ikiingia, gunia linarudi kwa mwenyewe likaanikwe. Gunia moja la unyevu likilala ghalani huozesha na mengine, na korosho za kijiji kizima zinashuka daraja.

Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Anderson, katibu wa chama, analijua pia, ila yeye tumbo hutangulia na akili hufuata nyuma.

Novemba iliyopita shemeji yake, Nasibu, alileta magunia arobaini. Nasibu hajawahi kupalilia hata mkorosho mmoja. Ni mtu wa kangomba: huvizia mwenye mgonjwa au msiba, akanunua korosho zake kwa bakuli kabla hazijakauka. Kisha huja ghalani amejipulizia manukato, anataka aitwe mkulima.

Mama Dominika akatikisa. Kimya. Anderson akamwinamia.

"Mama Dominika, sikio lako limezeeka. Wanaoitaka kazi hii wamejaa kuanzia hapa mpaka Nanganga."

Mama yule ni mjane, na Dominika yuko sekondari. Akayapitisha. Sisi wabebaji sita tulisimama pale na mabega yetu mapana, hakuna aliyefungua kinywa. Nami nilikuwemo. Tulibeba tu kama punda, ingawa punda ana udhuru, hajui anachobeba.

Tangu siku ile chakula kikawa hakimpiti Mama Dominika, akisikia pikipiki ya Anderson anashika kifua. Na Anderson, asiye na haya, ndiye aliyemshauri. "Huo ni msongo wa mawazo, mama. Yuko mtumishi wa Mungu mmoja mjini Newala, ana mafuta ya upako."

Akaenda. Mtumishi mwenyewe alikuwa jamaa wa viatu vyenye ncha, akampaka mafuta usoni, akamwambia jirani amemroga, kisha akamuuzia chupa ya kwenda nayo nyumbani. Niliinusa ile chupa. Alizeti tupu, ya kukaangia samaki.

Jumamosi akaenda kwa padri wetu, kwenye kitubio. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Padri, niombee. Nina hofu."

"Hofu ya nini?"

"Ya kazi tu, Padri."

"Kazi imekufanya nini? Au wewe ndiye uliyeifanyia kitu?"

Ndipo akayasema yote, magunia yote arobaini. Padri hakumpaka chochote. Alimwondolea dhambi kwa maneno yale tuliyoyazoea, akamwambia, "Yamekwisha. Jumatatu Mungu atakuwa ghalani kabla yako. Nenda ukatikise korosho." Alipotoka nje, anasema, alisikia njaa.

Jumatatu Nasibu akaleta magunia mengine.

"Fanya haraka, mama, jua linaniunguza."

"Heri lingeziunguza korosho zako kwanza," akajibu. Foleni ikacheka. Anderson akatoka mbio.

"Mama Dominika, si tulishaongea?"

"Tuliongea, Katibu, na nilikosea. Haya hayajakauka, na yale arobaini niliyoyapitisha hayajakauka. Yatolewe."

"Kesho utakula nini?"

"Sijui. Riziki naiomba kila siku, lakini nilikuwa naiomba kama kasuku. Leo naiomba kweli."

Anderson akamfukuza mezani palepale. Lakini Mzee Ashraf, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaruka. "Arobaini? Na korosho zangu zimo mle ndani? Fungua!" Ndipo sisi mashujaa sita tukakumbuka tuna mikono. Tuliyatoa yote. Matano yalikuwa yameshaota ukungu. Nasibu aliyatandaza juani mwenyewe, kwa magoti, manukato yote yakaishia kwenye jasho.

Mama Dominika akakaa nyumbani siku tisa. Anderson alijaribu kupima mwenyewe, akitikisa kama mtu anayepiga kayamba, na hakuna mkulima aliyekubali kushusha gunia. Siku ya kumi akanituma mimi nikamwite, maana kwenda mwenyewe ulimi ulikuwa mzito.

Nilimkuta analima. Nikamwamkia, nikatoa ujumbe, nikaongeza la kwangu. "Huogopi kurudi kwa mtu yule?"

"Naogopa, Baba Isabela. Lakini Mungu hakuniambia nisubiri hofu iishe ndipo niende."

Akanawa miguu, akajifunga kanga, akatangulia. Anderson alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Salamu hakutoa. Akampisha.