Mfinyanzi aliyeyaonea aibu matundu

Saa moja asubuhi, ufukweni mwa ziwa kijijini Ikombe, Angetile ameketi chini, miguu kainyoosha, anasugua shingo ya chungu kwa kokoto laini. Kila ncha ya kidole ikigusa kijishimo, anapaka udongo mwepesi na kusugua tena mpaka kipotee.

“Mama yangu akikuta tundu, chungu anakivunja mbele ya watu,” anasema bibi huyu wa miaka 63. “Mteja akirudi na chungu kinachovuja, soko zima la Matema linajua ni cha nani.”

Mkono huo huo uliozoea kuziba ndio uliomponza.

Mwaka jana Jubilate, binti mtafiti kutoka chuo kimoja cha Mbeya, alishuka kwenye mtumbwi na ndoo ya unga wa kijivu wa madini. Alitaka vigae vidogo kama kiberiti, vya kubandika ubavuni mwa jiko. Upande mmoja ukiwa wa moto na wa pili ukabaki baridi, kigae hutoa umeme wa kuwasha taa ndogo. Shida ni kwamba joto hupita upesi, pande zote mbili zikalingana, taa ikazima.

Dawa aliyoileta ilikuwa pumba za mpunga. Zikitwangwa na kuchanganywa na unga ule, huungua motoni na kuacha vitundu visivyohesabika. Joto likifika kwenye vitundu hukwama-kwama, umeme ukapita kwenye kuta zilizobaki. Pumba zikizidi, umeme nao hukosa njia. Ndiyo maana hupimwa.

“Alitutegea kitendawili,” Angetile anakumbuka. “Nyumba yangu ina madirisha elfu, moto ukibisha hauingii. Tukashindwa, tukampa mji. Akasema ni kigae.”

Prisca, mke wa kaka yake Angetile, alipewa kutwanga na kupima pumba. Angetile alipewa kufinyanga na kuchoma. Ujira ulikuwa shilingi elfu nane kwa siku, wakati chungu kikubwa huuzwa elfu tano, tena kikipata mteja.

Lakini kigae cha kwanza kilikwaruza kama mgongo wa kenge. “Nikasema moyoni, kitu hiki kitoke mikononi mwangu kiende Mbeya?”

Bila kumwambia mtu, aliuchekecha mchanganyiko kwa mtandio chakavu. Pumba nyingi zikabaki juu, akazimwaga ziwani. Akafinyanga vigae sitini, akavisugua vikang'aa.

Hakuna hata kimoja kilichowasha taa. Jubilate alivunja kimoja, akakuta ndani kimeshikana kama jiwe.

“Pumba ziko wapi? Nani alipima?”

Wanawake wote waliokuwepo ufukweni wakamgeukia Prisca.

“Nilipima kopo tatu za pumba kwa kumi za unga, kama ulivyosema,” alijibu.

“Labda ulinogewa na soga, hesabu ikakupotea,” mwanamke mmoja akatania, na wenzake wakacheka.

Angetile alikuwepo. “Nilitazama vidole vya miguu yangu,” anasema. “Halafu nikacheka nao.”

Prisca aliondolewa kazini. Miezi minane sasa anaitwa Mama Kopo.

Mwezi uliopita Angetile aliugua malaria. Prisca alimletea uji siku nne mfululizo. Siku ya nne alisema, huku akikoroga, “Wifi, nimefikiri sana. Labda kweli nilikosea kuhesabu.”

Angetile anajifunika uso kwa pindo la kanga. “Nimemfanya mtu mzima asiviamini vidole vyake.”

Alimpigia Jubilate simu, akasema yote.

“Bibi, kwa nini uliviziba vitundu?” binti akauliza.

“Nilivionea aibu, mwanangu.”

“Na mama Prisca anajua?”

Jubilate alimwambia atarudi na ndoo nyingine wiki ijayo, lakini Prisca aambiwe kwanza. Siku tisa zimepita, na Prisca bado hajaambiwa.

Tukiwa bado tunaongea, Prisca anapita na udongo kichwani. “Ugonile, wifi. Umeamka vizuri?”

Angetile anaitikia, macho kwenye chungu.

“Mama Kopo, huo udongo umeupima?” sauti inatoka kwa wanawake wanaopanga vyungu. Prisca anacheka pamoja nao, anaendelea na njia yake.

Angetile anaweka kokoto chini.

Anasema Jumamosi, wanawake wakikusanyika kupakia vyungu vya Matema, atasimama pale pale walipomcheka Prisca. “Nikimwambia pembeni atanisamehe upesi, nami nitakuwa nimejificha tena.”

Kisha atamwomba Jubilate awabadilishie kazi. “Yeye afinyange, mimi nitwange. Nitahesabu kila kopo kwa sauti. Wanaotaka kucheka wanicheke mimi.”

Anapoulizwa kama jina lake lifichwe gazetini, anatikisa kichwa.

“La Prisca halikufichwa.”