Siku Niliyobadilisha Draiva

Video ya harusi yangu niliijua kwa kuisikia tu. Kwaya, vigelegele na utani wa mshereheshaji vilisikika vizuri, ila picha ilijaa mabaka ya kijani na sura za watu zilivurugika zisitambulike. Nilipomlalamikia mpiga video, alisema huenda mvua iliingia kwenye kamera, nikaamini. Simu nayo ilikataa kulifungua lile faili. Nikaliacha kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo ndiyo kazi yangu: nabuni mabango na vipeperushi vya watu wa utalii hapa Karatu. Inatumia mfumo wa Linux, na ndani ina kadi ya picha ya zamani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Dada yangu aliponitembelea kutoka Loliondo, alikoolewa na mfugaji wa Kimasai, alinikuta nimenuna kwa sababu bango lilikuwa likigandaganda kwenye skrini. Nikawa nasoma simuni maswali ya watumiaji wa Linux. Mmoja alieleza kwamba video zake zilikuwa na mabaka ya kijani, akajibiwa kuwa video zake ni nzima, ila draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha, haiendani na kadi.

Niliisoma tena ile sentensi.

"Kuna nini?" dada akauliza.

"Huenda ile video ya harusi haikuharibika."

Harusi yenyewe dada hakuihudhuria. Basi lake lilikwama kwenye tope kabla ya kufika Digodigo. Baba, mkulima wa Rhotia ambaye hakufurahia binti yake kwenda kuishi na wafugaji, hakumuulizia hata mara moja, wala hakulitaja jambo hilo mpaka anafariki. Dada aliamini moyoni kwamba baba hakutaka aje.

Nikafungua orodha ya draiva. Kompyuta ilikuwa ikitumia ile ya bure inayokuja na mfumo. Chini yake zilikuwepo za watengenezaji wa kadi, za matoleo mbalimbali. Nikachagua mpya kuliko zote, nikawasha upya. Skrini ikawa nyeusi, na ikabaki hivyo.

"Umeiua," dada akasema taratibu.

Kazi zangu zote zilikuwa mle. Nikaizima, nikaiwasha kwa njia ya dharura, ile inayoleta maandishi matupu, nikaiondoa draiva niliyoweka. Kisha nikafanya nilichopaswa kukifanya mwanzo: nikaangalia kadi yangu ni ya aina gani. Toleo jipya lilikuwa limeshaacha kuzihudumia kadi za umri wake. Lililoifaa lilikuwa la zamani, na mfumo wenyewe ulikuwa umeliandikia kwamba ndilo linalopendekezwa. Nikaliweka. Skrini ikawaka.

Nikafungua video. Mabaka hayakuwepo. Nilijiona mimi mwenyewe nikishuka garini, shela likipepea, kila ua likionekana. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Kamera ikageukia meza ya familia. Baba alikuwa amekaa, na kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu. Mjomba wetu akaja akakivuta ili akae. Baba akakishika mgongo, akatikisa kichwa, akaonyesha getini. Mjomba akaondoka. Muziki ulikuwa juu, hakuna neno lililosikika.

"Rudisha," dada akasema.

Nikarudisha. Tukaendelea kutazama. Keki ikakatwa, zawadi zikaletwa, na kila kamera ilipopita pale kiti kilikuwa kitupu bado na baba akitazama getini. Watu wengine walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi. Mimi nilikuwa bibi harusi, nimekaa mbele yake siku nzima, na sikuona lolote.

"Alikuwa ananisubiri?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyegongwa.

"Hakuna mwingine aliyekosekana, dada."

Aliinuka akatoka uani, akampigia mume wake. Alizungumza Kimasai, lugha nisiyoielewa, kwa sauti iliyokatikakatika. Mimi nilibaki kitini, picha ikiwa imesimama kwenye uso wa baba. Aliporudi alisema hatapanda basi la kesho la kurudi Loliondo. Badala yake tulikwenda Rhotia wote wawili, kaburini kwa baba, na yeye ndiye aliyetangulia kupiga magoti.