Nalala Chumvi

Binti yangu alipojifungua huko Paya, mume wake alinichukulia chumba katika hoteli moja Tororo mjini. Kwetu Samia mama halali nyumbani kwa mkwe wake, hata inyeshe mvua ya mawe. Kwa Wajopadhola alikoolewa ni vilevile. Basi mchana nilikwenda Paya kwa bodaboda, nikamkanda binti kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Jua likianza kuteremka, narudi mjini.

Jumba lenyewe zamani lilikuwa la Mhindi mfanyabiashara. Walionunua wamelipaka rangi, wakaacha milango ileile mizito ya kuchonga na sakafu ya saruji nyekundu. Vyumba havina namba, vina majina ya bidhaa zilizokuwa zikiwekwa humo. Mimi nikapewa Chumvi. Jamani! Mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa, nami nalala Chumvi. Dari lilikuwa juu mno, nikikohoa nasikia kikohozi changu mara mbili. Kitanda kilitosha ukoo mzima, lakini nililala ukingoni, upande wangu wa tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Asubuhi nilikitandika mwenyewe. Dada wa usafi akalalamika, "Mama, wewe namaliza kazi yangu!" Nikamwambia basi aketi tuongee. Akacheka, akaenda kufagia Pamba.

Ndugu zangu wa Busia walinipigia simu kunitania: mama wa hoteli, mama wa kuletewa chai! Ningewaambia nini? Kwamba mkate ulikatwa pembe tatu kama hirizi na sikuwa na mtu wa kucheka naye? Upweke ule uliniuma, tena ulinikasirisha.

Kila jioni binti yangu alinishika mkono. "Mama, si ulale leo tu. Baba mtoto ataenda kulala kwa kaka yake. Nani atajua?"

"Mungu atajua," nilimjibu, "na majirani watamwambia asiyejua."

Nilikataa kila mara, na sitadanganya, nilipenda kuombwa. Kule chumbani nilikuwa na maneno yake tu ya kulala nayo.

Asubuhi moja niliamka nimechoka kabisa. Wacha waseme! Nikatia khanga ya kulalia na dawa zangu za presha mfukoni, nikaenda Paya nimeshakata shauri: leo akiniomba, nalala, hata kama ni kwenye mkeka jikoni.

Nilingoja aniombe. Nikapika uji wa ulezi, nikafua nepi. Alasiri mtoto akalia, nikambembeleza, wapi! Mama yake mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko uani hapohapo, akaingia, akamchukua, akamlaza kifuani. Kimya.

"Huyu ndiye anayeamka naye usiku," binti yangu akasema, na uso wake ulikuwa umetulia.

Jua likateremka. Nilikawia nikiosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikasikia pikipiki uani, maana binti yangu alikuwa amemwita mwenye bodaboda mapema. Akanipa mfuko wangu, wala hakuuliza kwa nini leo ulikuwa mzito.

"Haya mama, nenda giza lisikukute njiani. Usiwe na wasiwasi, sitakusumbua tena na mambo ya kulala. Nimeshazoea."

Nikamwambia amefanya vizuri, nikapanda.