Siku Mama Alipoitwa Tena

Kila ninaposikia mtu akiita "Suivant!", yaani anayefuata, mlangoni mwa chumba cha majaribio ya uigizaji, pua yangu hunusa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wenzangu kwenye benchi sijui hunusa nini. Mimi papo hapo narudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye ukumbi wa parokia wenye bati lililotoboka, mikono yangu ikinuka samaki hata baada ya kuisugua kwa sabuni na majani ya limau.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Mwalimu mmoja wa maigizo, Bwana Asukulu, alikuwa ametoka Uvira kutafuta watu wa kuigiza mchezo wa maji safi, maana kipindupindu kilikuwa kimetusumbua. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi: binti mvivu anakwepa foleni ya bomba, anachota maji ziwani, mama yake anamkamata. Mimi niliutaka ubinti ule mpaka usingizi ukaniruka. Mchana wa majaribio Mama aliniachia kazi ya kulinda ndagala alizokuwa ameanika mchangani. Nikamwomba jirani aziangalie, nikatimua mbio.

Zamu yangu ilipofika, Bwana Asukulu aliniambia, "Mama yako amekukamata na ndoo. Jitetee."

Nilijitetea kama mhubiri. Nilirusha mikono juu, nikatetemesha sauti, mwishowe nikapiga magoti kwa kishindo hadi vumbi likapanda. Kwenye viti watu walicheka. Bwana Asukulu alijikuna kidevu. "Asante. Tutaona."

Neno hilo nimekuja kulizoea sana. Siku ile nilidhani maana yake ni ndiyo.

Sijashuka jukwaani, mlango ukafunguka kwa nguvu. Mama alisimama pale, ungo mkononi, kilemba kimepinda.

"Sifa! Mvua iko inakuya, ndagala yote iko inje, na weye uko apa unapigia batu magoti? Nani amekufa? Ndagala njo unakula, ndagala njo inakulipia masomo, lakini ikilowana hauioni! Shuka! Shuka mbele ya mi kupanda uko!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama aligeuka nyuma kuangalia nani anapigiwa. Bwana Asukulu alikuwa ameshasimama.

"Mama, kesho unaweza kurudi?"

"Kufanya nini? Mi nimekuya kutwala mutoto."

"Urudi tu. Na sauti ile ile."

Tulikimbia kuokoa ndagala, mimi nikiokota huku nalia. Yule ambaye hakuomba kitu ndiye aliyeitwa tena. Nilitegemea atalicheka jambo lile na kulisahau. Lakini jioni nilimwona akifua kitenge chake cha buluu, kile cha kwenda kanisani, akakianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawaoni. Na alipokuwa anasonga bukari, ugali wetu, nilimsikia akiukemea chini chini, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti kali, kama mtu anayejaribisha nguo. Nilikasirika nikakataa kula.

Asubuhi aliniambia, "Vaa viatu. Tunaenda."

"Mimi sikuitwa."

"Nimesema vaa viatu."

Kule ukumbini, Bwana Asukulu alikuwa ameshamweka jukwaani binti mmoja kutoka Mboko, mrefu, mwenye sauti nzuri kweli kweli. "Mama, huyu ndiye binti yako. Mkemee."

Mama alimtazama yule msichana kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyebisha hodi. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Huyu mutoto wa batu alinifanyia nini? Mi siwezi kumukemea. Kama munataka nikemee, munipe ule nimezoea. Bila yeye, mi narudia ku ndagala yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Asukulu alijikuna kidevu tena, na mimi nikawa na hakika kwamba Mama ameharibu kila kitu, chake na changu.

"Haya," alisema mwishowe. "Mara moja tu. Sifa, panda."

Nikapanda. Na hapo Mama akaganda. Alifumbata mikono mbele ya kitenge chake, akatoa sauti ya kwaya: "Binti yangu mpendwa, kwa nini umechota maji ya ziwa?" Maneno ya namna ile hayajawahi kusikika nyumbani kwetu. Bwana Asukulu alitazama saa. Niliona jambo linatuponyoka sote wawili, na ule uhubiri wangu wa jana ukanitoka kichwani. Nikafanya nilichokuwa nafanya kila siku. Nilimgeuzia mgongo, nikaanza kuchokoa kucha, nikasema kwa kuvuta:

"Nakuyaaa."

"Nakuya?" Mama alisahau ukumbi. "Tangu asubui nakuya, nakuya! Ile kuya yako iko na miguu ya kinyonga?"

Nikamjibu. Akanijibu. Tulijibizana mpaka Bwana Asukulu akawa anajifuta machozi, na yule binti wa Mboko anacheka kuliko wote. Yeye alipewa nafasi ya muuguzi, na akaiweza vizuri sana. Tuliigiza sokoni Baraka, tukaigiza Mboko, tukapanda boti hadi Kazimia, ambako bamama walimfuata Mama baada ya mchezo, wakimwomba awakemee mabinti zao pia.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya jinsi nilivyomwokoa Mama jukwaani. Sasa naishi Bukavu, natafuta nafasi za kuigiza, na mabenchi ya majaribio nayajua. Juzi niliitwa tena, kwa nafasi ninayoitaka sana. Waliniuliza kama nitakubali hiki na kile, nikaitikia ndiyo kabla hawajamaliza kusema. Njiani nikirudi ndipo nilipoelewa. Mtu anayetaka kuitwa haweki masharti. Mama alikuwa anataka, nilimwona kwa macho yangu anavyotaka, na bado alisimama mbele ya yule mwalimu akakubali kukosa, ili na mimi nipande.

Nikampigia simu kumwambia. Alicheka.

"We Sifa! Mi nilikuwa naogopa kusimama pale peke yangu, njo maana nilikuita."

Alilisema neno hilo vizuri sana, bila kusita hata kidogo. Lakini Mama ni mwigizaji kuliko mimi.