Begi Langu la Kirgizistani

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Sparkhill, huku ughaibuni, wameshalijua, na bora mlisikie kwangu kuliko kwa wanaoongeza chumvi. Naona aibu mpaka leo, na ule ukumbi wa mikutano yetu, mtaa wa jirani wa Moseley, siku hizi naupita kwa upande wa pili wa barabara.

Tulikuwa watu tisa tunaojiandaa kwenda Kirgizistani, nchi ya milima na wafugaji wanaohamahama, na safari yenyewe ni ile ya kistaarabu: unalala kwenye mahema ya wenyeji, unakula wanachopika wao, huachi takataka, na mzigo wako hauzidi kilo kumi maana unabebwa na farasi. Kanuni za kikundi niliziandika mimi (nilijitolea mwenyewe, hakuna aliyenituma), na kwenye WhatsApp nilikuwa mkali kama mwalimu wa zamu. Bwana Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, dereva wa basi mstaafu, aliposema atachukua kiti kidogo cha kukunja kwa ajili ya magoti yake, nikamwandikia mbele ya wote, "Mzee, farasi naye ana mgongo."

Sasa, siku chache kabla ya mkutano wa kupima mizigo, nikasoma kwamba chakula cha kule ni kondoo na maziwa ya farasi. Maziwa ya farasi! Nikasema ngoja niweke pakiti moja tu ya dagaa, ya dharura. Lakini dagaa watupu utawalaje? Nikaweka unga. Unga unataka mwiko, mwiko bila sufuria ni wa kazi gani, na ukishakuwa na sufuria unaona vibaya kuacha mchele, na pilipili, na tangawizi ya chai, halafu kopo la chooni (hapo msinicheke, kila mtu ana kopo lake).

Siku ikafika. Helen, kiongozi wetu, Mwingereza mpole, akaleta mizani. Bwana Harjit kilo nane. Mimi ishirini na moja. Hapo ningesema ukweli yangeisha, lakini mdomo wangu ukasema ni dawa.

"Dawa zote hizi?" Helen akauliza kwa wasiwasi wa kweli, maana mgonjwa hapandi milima ile bila barua ya daktari, na kulikuwa na mwanamke anasubiri nafasi ya atakayejitoa. Nikaiona nafasi niliyoingoja miaka miwili inaondoka hivi hivi. Bwana Harjit akainama, akanusa.

"Dada Rehema, hii si dawa," akasema, uso umemchanua. "Hii ni omena, hii dagaa yenu. Mimi nimekula hii Kisumu tangu niko mtoto, harufu yake siwezi sahau."

Wala hakusema kwa ubaya, alifurahi tu, maskini. Ikabidi nifungue. Vitu vikatoka kimoja kimoja mezani, mbele ya watu waliosoma kanuni zangu, na mmoja akaliinua kopo akauliza kama ni la kumwagilia maua. Helen akaniambia taratibu kwamba mama atakayetupokea anaishi kwa kupikia wageni, sasa mimi nikijipikia ugali wangu, yeye atapata nini?

Mama yangu kule Mwanza, mgeni akisukuma sahani yake huumia siku nzima, na mimi nilikuwa najiandaa kumfanyia mama wa mtu mwingine vile vile. Iliniuma kweli.

Tukapima tena: kilo mbili. "Afadhali," Helen akasema, akachungulia ndani. "Na sweta liko wapi?"

Hakukuwa na sweta. Hakukuwa na koti wala soksi nzito, sikupata pa kuviweka. Mtu naenda kwenye theluji na khanga mbili na mswaki. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, nami nikacheka huku machozi yananitoka, nikamwomba radhi Bwana Harjit, naye akaomba dagaa.

Nafasi nimebaki nayo, uandishi wa kanuni nimevuliwa, na ni haki yao. Sitamkemea tena mtu kwa mzigo wake, hilo nimeapa, na huko nitakula nitakachowekewa. Kikinishinda, kinishinde nikiwa nimeketi na mwenyeji wangu, si kabla sijatoka Sparkhill.