Kinyago Kilichotoa Jasho

Tingatinga lilipoingia mtaani kwetu, watu walilipigia makofi.

Usicheke. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Nilistaafu kazi ya kupaka rangi mabango ya maduka. Mkono ukakataa kustaafu, nikaanza kutengeneza vinyago kwa magazeti ya zamani na gundi ya unga. Sikufundishwa na mtu. Nilikosea mpaka nikapatia.

Kimoja nikakiita Mheshimiwa Tumbo. Mashavu ya mpira wa baiskeli, tai nyekundu, glasi ya maji mbele yake. Kituo kimoja cha televisheni kikanipa dakika tano kila Ijumaa jioni. Mimi chini ya meza, mkono shingoni mwake, natoa amri za matajiri.

Wenye nyumba za bati wapunguze kelele mvua ikinyesha. Walalahoi wasikohoe karibu na ukuta wake, rangi bado mbichi.

Mtaa mzima ulijazana sebuleni kwa dada yangu mkubwa, niliyekuwa naishi kwake. Nyumba ile aliijenga chumba kimoja kila baada ya miaka mitano. Nikirudi nawakuta bado wameshika mbavu.

Ijumaa moja Tumbo akatangaza: "Mtaa huu unaniharibia mandhari. Nawapa siku tatu mhame, kwa heshima na taadhima."

Basi ikawa ndiyo salamu. Hata kuku alifukuzwa jikoni kwa heshima na taadhima.

Jumanne iliyofuata, kituo kile kile, meza ile ile, glasi ya maji. Akatokea mwenye kiwanja tulichojengea sote. Mwenyewe, mtu wa nyama na damu. Akasema anatupa siku tatu tuhame, kwa heshima na taadhima.

Sebule ikaangua kicheko.

Fundi cherehani, jirani yetu, alifuta machozi. "Mzee, safari hii umetisha, kumbe ulirekodi kimya kimya. Kinyago mpaka kinatoa jasho."

"Yule si wangu," nikasema. "Yule ni mtu."

Kicheko kikazidi. Wangeniaminije? Nilishawaapia kuwa niliwahi kufuga mamba aliyepiga mswaki kila asubuhi.

Siku tatu nilipita mlango kwa mlango. Kwa muuza mkaa nililia, nikalia kweli. Mama wa watu akaniomba nirudie, mumewe hakuona.

Siku ya nne dada alifagia baraza, akavaa gauni lake la kwendea harusi za watu. Tingatinga likageukia ukuta wetu.

"Kaka," akaninong'oneza, bado anatabasamu, "wa kamera yuko wapi?"

Hakuwepo.

Mwenye kiwanja akashuka garini, akanipa mkono. Mpole kama pamba.

"Mzee, Ijumaa zako sizikosi. Mwanasheria wangu alihofia fujo. Nikamwambia, mbona yule mzee akiwaambia hivyo wanacheka? Maneno nimeazima kwako."

Sasa mimi na dada tumepanga chumba kimoja. Kituo kimenipigia, wanamtaka Tumbo. Tumbo alipondwa pamoja na kabati la vyombo. Dada hataki tena televisheni. Mimi hunisemesha, ila haniangalii usoni.

Nililojifunza ni hili: ukimdhihaki mkubwa, mtazame kama naye anacheka. Akicheka, funga mizigo.

Najua nusu yenu mnasema mzee kaanza tena mambo yake ya mamba.

Na wale walisema hivyo hivyo.